Nani Kabeba Unga?

Haya niliyasema Jumamosi jioni hapa Dar es Salaam, mbele ya vijana wanaoandika riwaya na kuchora katuni. Waliokosa nafasi wameomba nakala. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, utani na yote.

Ndugu zangu, habari za jioni. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Nanyi vijana mlioegemea ukuta kule nyuma kama mnangoja daladala, sogeeni, viti bado vipo.

Mmeniita nizungumzie jambo ambalo nilipomwambia mke wangu alicheka mpaka akaacha kuchambua mchele: jinsi ya kuunda kikosi hodari cha askari wa miguu cha nchi isiyokuwepo. Akaniuliza, "Sasa kama nchi haipo, utakosea wapi?" Nimelibeba swali lake njia nzima. Jibu nililofika nalo hapa ni kwamba hapo ndipo tunapokosea zaidi. Nchi ikiwepo, msomaji akikutilia shaka atafungua ramani. Nchi isipokuwepo hana pa kwenda. Ana kurasa zako tu, na zikimdanganya mara moja anakufunga na kukurudisha rafuni.

Mwaka huu nimesoma miswada saba yenye kikosi cha namna hiyo. Saba! Na katika saba hiyo, vikosi vitano ni Simba. Simba wa Chuma. Simba Weusi. Simba wa Usiku. Simba wa Damu. Wa tano ni Simba tu, nadhani mwandishi alichoka. Jamani, wanyama wa nchi hii wameisha? Nyegere amewakosea nini? Mnyama mdogo, hamwogopi simba, hawaogopi nyuki, wala hakuna jeshi lililowahi kumpa cheo.

Mmoja wa waandishi hao yupo hapa ukumbini. Ameniruhusu nitumie mswada wake, ila nisimtaje, na mama yake asijue kwamba ameacha kusomea uhasibu. Nchi yake inaitwa Uvumbi. Jina hilo nimelionea wivu. Kikosi chake kilikuwa Simba, lakini tumekubaliana, kuanzia leo ni Nyegere wa Uvumbi. Askari 800. Warefu, kimya, wanapiga shabaha gizani, hawalii. Katika ukurasa wa 41 wanavuka jangwa kwa siku 19, na siku ya 20 alfajiri wanaishambulia ngome ya adui na kuiteka kabla chai haijachemka.

Nilipofika hapo nikachukua penseli, nikaandika pembeni swali moja. Nani kabeba unga?

Mnacheka. Haya, tuhesabu. Toeni simu zenu, leo zina kazi. Askari 800. Kila mmoja ale kilo moja ya unga kwa siku, hakuna nyama, hakuna maharage, hakuna sukari. Siku 19. Mmepata ngapi? Kilo 15,200. Vizuri. Mpagazi mwenye afya tumtwishe kilo 25. Gawanyeni. Mtaniambia wapagazi 608, tumemaliza.

Hatujamaliza! Mpagazi naye ana tumbo. Naye anakula kilo yake kwa siku, na anaitoa wapi huko jangwani? Anaitoa kichwani mwake mwenyewe. Katika kilo 25 alizojitwika, 19 anazila njiani. Zinazobaki kwa ajili ya askari ni kilo 6. Gawanyeni tena: 15,200 kwa 6.

Dada hapa mbele amepata 2,533 na theluthi. Basi tuseme 2,534, maana hakuna theluthi ya mpagazi.

Watu 2,534 kuwalisha watu 800. Na sijaweka maji, nasi tuko jangwani. Sijaweka risasi. Sijaweka machela ya majeruhi. Kisha kuna lile swali ambalo penseli yangu ilisita kuliandika: siku ya 20, ngome ikishatekwa, hao watu 2,534 wanarudije kwao? Viroba ni vitupu. Kwenda ni siku 19, kurudi ni siku 19. Hakuna hata mmoja mwenye unga wa kurudia.

Ndugu zangu, hesabu hii sikuitunga ili kumwonea kijana wetu. Ndiyo hesabu iliyopigwa katika ardhi hii tunayoikanyaga, katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1914 na 1918. Waingereza walikuwa na kikosi chao cha Waafrika, King's African Rifles. Kilianzishwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Uganda, Afrika Mashariki na Nyasa. Babu zetu hawakujisumbua na jina refu kiasi hicho. Waliita Keya. Alikwenda Keya, alipigana Keya, alirudi toka Keya. Vita vilipoanza Keya ilikuwa na batalioni 3. Vilipokwisha zilikuwa 22.

Lakini batalioni hazitembei kwa jina. Farasi waliletwa, nyumbu wakaletwa, ng'ombe wakaletwa, ndorobo wakawamaliza. Kikabaki kichwa cha mtu. Upande wa Waingereza na washirika wao peke yake, waliobebeshwa mizigo katika vita vile wanafika takribani milioni moja, wengi wao bila kuulizwa kama wanataka. Waliokufa, kwa hesabu za wenye vita wenyewe, wanakaribia 100,000. Waliuawa na nini? Si risasi. Kuhara, malaria, kichomi. Unga wa mahindi uliopikwa nusunusu, wakapewa watu ambao kwao hula ndizi au mtama, wakala wakitembea, wakalala kwenye matope. Na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao.

Sasa nawauliza, mnajua kikosi cha wapagazi hao kiliitwaje? Kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukalitafuna jina, ukalimeza, ukalitoa likiwa letu. Kariakoo.

Naona mmenyamaza. Kila siku mnapita pale. Mmenunua vitenge pale, chaja za simu, samaki wa kukaanga. Mmetukanana na makondakta pale. Kambi ya wapagazi ilikuwa pale, baada ya Waingereza kuuteka mji huu Septemba 1916. Nairobi nao wana Kariokor yao, maana ni ile ile.

Sasa tembeeni kutoka Kariakoo mpaka Posta, si mbali, hata kwa miguu. Pale katikati ya barabara kuna Sanamu ya Askari. Imesimama tangu 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann. Anayesimama juu pale ni nani? Askari mwenye bunduki, peke yake, singe imenyooka kuelekea bandarini. Nairobi kuna sanamu za ukumbusho huo huo, lakini kule wamesimama watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi ya kule yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Mimi ni mtu wa Dar, sipendi kuwasifu watu wa Nairobi bila sababu, lakini hapo walitushinda. Sisi mpagazi wetu tumempa soko zima, ila hatuna habari kwamba ni wake.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sisemi muandike riwaya za viroba. Nasema mwandishi anayejua nani kabeba unga hawezi kuandika ukurasa wa 41 kama ule. Atajikuta anaandika jambo lingine, kubwa zaidi. Mle mle ndani ya vita vile kulikuwa na jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo halikusalimu amri mpaka tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, wakati Ulaya walishanyamazisha mizinga wiki mbili nyuma. Watu hupenda kusimulia ujanja wa huyo mzee. Vizuri. Lakini nyuma ya safu zake walitembea wake za askari, na watoto, na vinu. Mtama ule ulitwangwa na nani? Kwinini ikaadimika, wakatumia iliyotengenezwa Amani, kule Usambara, kwa magome ya miti iliyopandwa pale. Ilikuwa chungu kiasi kwamba Wajerumani waliipa jina la pombe kali, wakaliunga na jina la kamanda wao. Hapo mna riwaya tatu: ya mwanamke mwenye kinu mgongoni, ya mchemsha magome, na ya mtoto aliyezaliwa safarini ambaye hajui kijiji ni kitu gani. Na hakuna Simba hata mmoja.

Waliopitia JKT humu ndani wanyooshe mikono. Naona. Niambieni ukweli, mlipofika kambini, mtu wa kwanza mliyejifunza jina lake alikuwa kamanda au alikuwa mpishi?

Haya, nimewasikia.

Sasa niwahamishe kutoka tumboni niwapeleke mdomoni. Nyegere wetu wa Uvumbi wanazungumza lugha gani? Nimemuuliza mwandishi, akanijibu, "Kiuvumbi." Wote 800? Wote wamezaliwa kijiji kimoja? Kikosi chochote kikubwa ni mkusanyiko wa watu wasioelewana ambao wamelazimishwa kuelewana haraka. Keya ilikuwa na Wanyasa waliozungumza Kinyanja, ilikuwa na Wakamba, Wanandi, Waacholi, Wasudani. Wakazaa Kiswahili chao cha kambini, kifupi, kimekatwa viambishi kama mtu aliyenyolewa upara. Kikaitwa Kikeya. Ofisa wa Kiingereza alijifunza hicho, akarudi kwao akidhani anajua Kiswahili. Watu wa Lamu wangemsikia wangelia.

Lakini sikilizeni neno moja. Mkienda kituo cha polisi leo kuripoti simu iliyoibwa, mnamwitaje yule aliye kaunta? Afande. Mmewahi kujiuliza neno hilo limetoka wapi? Ni la Kituruki, efendi, yaani bwana. Watawala wa Kituruki walilipeleka Misri. Jeshi la Misri likawa na askari wa Kisudani. Mwaka 1889 yule yule Wissmann, ambaye sanamu yake iliondolewa pale Posta, alikwenda Cairo kuandikisha Wasudani waje wapigane na Abushiri na watu wake huku pwani. Wakashuka na bunduki zao, na vyeo vyao vya Kituruki midomoni: ombasha, shaushi, efendi. Ombasha amekufa. Shaushi amekufa. Efendi amekuwa afande, na yupo kaunta anakuambia kalamu imeisha wino, nenda kanunue.

Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa nchi ya kubuni! Neno moja lenye safari ndefu litakufanyia kazi kuliko kurasa kumi za maelezo ya sare. Nyegere wakimwita kamanda wao kwa neno ambalo si la Kiuvumbi, msomaji atajua bila kuambiwa kwamba nchi ile iliwahi kutawaliwa, au iliwahi kukodi askari, au ilioa kwa jirani.

Na lugha ya kikosi haibaki kambini. Nairobi kuna Kibera, mnaijua. Palikuwa ni makazi ya askari wa Kisudani wa Keya na familia zao. Waliita kibra, kwa Kinubi chao, yaani msitu. Leo utafute huo msitu. Uganda nako Kiswahili kilijulikana kwa muda mrefu kama lugha ya askari, na mtu akikisikia usiku mlangoni kwake hafungui. Idi Amin, ambaye mwenyewe aliingia Keya mwaka 1946 akianzia jikoni, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa waliomwogopa, tangazo hilo lilizidi kukichafua. Lugha ile ile ambayo kwetu ni ya bibi anayekusimulia hadithi za sungura. Fikirini mama wa Uvumbi akisikia Nyegere wakiimba barabarani. Anatoka nje kushangilia, au anaficha kuku?

Mwili nao una lugha yake. Wajerumani waliondoka na deni la mishahara ya askari wao. Husimuliwa kwamba miaka ya 1960, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipokubali hatimaye kulipa, mtu wa benki alikuja Mwanza na fedha. Wakamjia wazee wapata 350. Wachache walikuwa na vyeti, wengine walikuwa na vipande vya sare, wengine hawakuwa na kitu. Atamjuaje askari wa kweli? Akachukua fagio. Kila mzee akakabidhiwa fagio, akaamrishwa kwa Kijerumani: bega bunduki, toa heshima. Inasemekana hakuna aliyekosea. Zaidi ya miaka 40 imepita, mzee hana meno, lakini fagio inapanda begani yenyewe.

Mimi kisa hiki hakinichekeshi. Wengi hukisimulia kama sifa ya uaminifu wa askari. Nikikisikia nawaza wale wazee walivyofika pale na njaa zao, wakacheza kwata na fagio ili walipwe jasho la ujana. Mwandishi, chagua upande utakaposimama ukisimulia. Ukisimama upande wa mtu wa benki utaandika kichekesho.

Niseme kidogo kuhusu kufa, halafu tuendelee. Katika miswada ile saba, hakuna askari wa kikosi teule anayekufa kijinga. Wote wanakufa na neno la mwisho, mara nyingi ni refu, na lina vituo vyote. Basi sikilizeni. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, imejaa askari waliokuwa wakielekea vita vya Burma, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Kijapani iliipiga kwa torpedo. Ilizama chini ya dakika mbili. Wakafa watu 1,297. Na waliobaki majini wakielea, wengine waliuawa na mabomu ya meli za upande wao wenyewe, kwa sababu manowari ilikuwa imejificha chini yao, na kapteni alilazimika kuchagua. Hao ni vijana waliofunzwa miezi na miezi, wanajua kila skrubu ya mzinga wao, na vita vyao viliishia hapo, kabla hawajafika. Hakuna neno la mwisho. Sina zaidi la kusema hapo, na ninadhani nanyi mkiandika mahali kama hapo msiwe na maneno mengi.

Sasa jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nikubali kuja. Nyegere wanampigania nani?

Mwandishi wetu ameandika: "Waliipenda Uvumbi kuliko uhai." Sawa. Wote 800? Kila siku? Hata mshahara ukichelewa?

Kaskazini ya mji huu kuna kambi ya Lugalo. Zamani haikuitwa Lugalo. Iliitwa Colito. Colito ni mahali Ethiopia, ambapo tarehe 19 Mei 1941 batalioni ya Keya iliyotokana na Tanganyika ilipigana na Waitalia, na sajini mmoja Mzungu wa Kenya, Nigel Leakey, akapanda juu ya kifaru cha adui kwa miguu yake. Aliuawa, akapewa nishani ya juu kabisa ya Uingereza. Kikosi kikajivuna, kambi ikapewa jina. Tukapata uhuru 1961, bendera ikabadilika. Keya ya Tanganyika ikawa Tanganyika Rifles. Kambi ikabaki Colito. Maofisa wakabaki wengi wao Waingereza. Mshahara nao ukabaki pale pale.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Colito waliasi. Waliwakamata maofisa wao, wakawasafirisha kwenda Nairobi. Walitaka mambo mawili yanayoeleweka na mtoto: mshahara, na maofisa Waafrika. Mwalimu Nyerere alifichwa, waziri wake Oscar Kambona akaenda kuzungumza nao, mji ukaporwa. Wiki hiyo hiyo wakaasi Jinja, Uganda. Wiki hiyo hiyo wakaasi Lanet, Kenya. Watoto watatu wa Keya, wiki moja! Tarehe 25 makomandoo wa Kiingereza walishushwa kwa helikopta kutoka kwenye meli, wakawanyang'anya silaha. Jeshi likavunjwa. Tarehe 1 Septemba mwaka huo likaanzishwa jingine, JWTZ.

Na kambi ikabadilishwa jina. Kwa nini Lugalo? Kwa sababu tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Uhehe, watu wa Mkwawa walivizia msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, yule ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Msafara mrefu, bunduki za kisasa, mizinga, Wasudani waliofunzwa vizuri. Wahehe wakautokea ubavuni kwa mikuki. Dakika chache tu, Nyundo amekufa na sehemu kubwa ya kikosi chake.

Hebu liangalieni jambo hilo polepole. Jina la kwanza la kambi lilikumbuka Waafrika walipopigana vizuri kwa ajili ya mfalme wa mbali. Jina la pili linakumbuka kikosi hodari kilipofagiwa na wenye nchi. Matofali ni yale yale. Uwanja wa gwaride ni ule ule. Na katika kikosi kile cha Nyundo, waliolala nyasini wengi wao walikuwa weusi kama Wahehe.

Kenya alikuwepo Waruhiu Itote. Alipelekwa Burma na Keya, akawa koplo, akapigana na Wajapani kwenye mvua na malaria. Aliandika baadaye kwamba mazungumzo aliyoyapata huko Asia na askari wa mataifa mengine yalimfanya ajiulize anampigania nani. Akarudi na swali lake. Kisha akaingia msituni na Mau Mau, Mlima Kenya, akajulikana kama Jenerali China. Mbinu alizofundishwa na Waingereza aliwarudishia Waingereza wenyewe, mpaka walipomkamata Januari 1954. Hapo ndipo ninapowaomba mfike na vikosi vyenu. Askari bora wa kikosi, yule ambaye mafunzo yalimkaa sawasawa, ndiye huyo huyo siku moja anaketi chini na kuuliza. Na akishauliza, mnaye mhusika. Kabla ya hapo mna sanamu ya Posta.

Nimeambiwa muda umekwisha, na naona mtu wa chapati ameshafika mlangoni na deli lake kichwani. Ndiyo, nimegeuka kumtazama, nanyi mmegeuka sasa hivi tu baada ya mimi kusema.

Kijana wangu wa Uvumbi, mswada wako ninao kwenye mkoba. Ukurasa wa 41 nimeukunja pembe. Sikwambii uufute. Nyegere wavuke jangwa lao, waiteke ngome yao, wapige shabaha gizani kama unavyopenda. Nataka unipe sura moja tu, na si ya kamanda. Unakumbuka ile hesabu, 2,533 na theluthi? Nataka sura ya yule mtu wa 2,534, ambaye kwenye simu ya dada yako pale mbele alikuwa theluthi ya mtu. Kwao wapi, nani alikuja kumchukua, kiroba chake kinavuja au hakivuji. Na alfajiri ya siku ya 20, ngome ikiwaka moto na wenzako wote wakitazama mbele, yeye amegeuka anatazama wapi.